Paka wa Thailand hawakatwi mikia: uzi maalumu wa paka wenye maumbile ya ajabu

DalaliTunduru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habarini za jioni.

Kila msimu kuna kundi jipya la vijana wetu wanaopanda ndege na mawe ya vito kwenda Bangkok, na wakirudi hawakosi hadithi ya paka. "Wathai makatili, wanawakata paka mikia." Wengine wanaongeza kwamba ni kafara ya biashara. Nimeisikia Tunduru, nimeisikia Arusha, na wiki hii nimeikuta humu jukwaani watu wakiigongea like. Inaniuma. Ni kuwasingizia watu, halafu inatunyima kumjua vizuri mnyama tunayelala naye nyumba moja.

Hakuna anayewakata. Wanazaliwa hivyo.

Waliofika Chanthaburi, mji wa biashara ya vito huko Thailand, wanalijua soko la mawe la pale, linalochangamka Ijumaa mpaka Jumapili. Mnunuzi ndiye anayekaa mezani na taa na mzani wake, muuzaji ndiye anayezunguka meza hadi meza na vipakiti mkononi. Chini ya zile meza paka hawakosekani. Kuna jike mmoja wa kijivu alizoea kulala juu ya begi langu, nikapata nafasi ya kumpapasa mkia taratibu, pingili kwa pingili. Urefu wake haufiki shubiri. Unaanza vizuri kabisa, halafu ghafla kidole kinagonga kifundo kigumu: mfupa umegeukia kushoto, na mbele yake kuna kipande kingine kifupi kimerudi ndani. Kovu hakuna. Manyoya yamefunika mpaka nchani, ngozi nzima, na ukibonyeza kile kifundo yeye ananguruma tu kwa raha zake. Alikuwa na watoto watatu: mmoja mkia mrefu umenyooka, wa pili kibutu, wa tatu umejikunja. Baada ya kuwaona wale watatu wananyonya kwa mama mmoja, hadithi ya kisu inakufa yenyewe.

Wataalamu wamelijua jambo hili siku nyingi. Charles Darwin aliliandika mwaka 1868: kwamba katika eneo kubwa mno, visiwa vya Malay, Siam (ndiyo Thailand ya leo), Pegu na Burma (zote ndani ya Myanmar ya leo), paka wana mikia iliyofupika kama nusu ya kawaida, na mara nyingi nchani pana kifundo. Pima ukubwa wa eneo hilo kwenye ramani uone ni watu wangapi wangehitajika kuwakata mikia paka wote hao, kizazi baada ya kizazi.

Sababu yenyewe ilitajwa mwaka 2016. Watafiti walisoma vinasaba vya paka wa Asia wenye mikia mifupi wakakuta herufi moja imebadilika kwenye jeni inayoitwa HES7. Mimba ikiwa changa, jeni hiyo inasimamia namna uti wa mgongo unavyogawanyika kuwa pingili, moja baada ya nyingine, kwa zamu. Zamu ikivurugika, pingili za mkia zinatoka chache, nyingine nusu, nyingine zimegandana. Ndiyo maana huwezi kuona mikia miwili inayolingana. Na uti wa mgongo uliobaki hauna shida: paka anaruka ukuta, anazaa, anakamata panya kama kawaida.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni, bado nina mengi.

---

MamaWawiliKijichi

Ahsante mkuu. Mimi nina swali kuhusu wale wenye uso mweusi na mwili wa maziwa, wanaouzwa ghali. Jirani yangu ana mmoja. Nilidhani amepakwa dawa ya nywele, maana masikio meusi, miguu myeusi, mkia mweusi, katikati kote mweupe. Hiyo nayo ni ya kuzaliwa?

---

DalaliTunduru

Mama, hilo swali nimelingojea kwa hamu, maana paka huyo ndiye ninayempenda kuliko wote.

Huyo ni paka wa Siam, kwao wanamwita Wichienmaat. Ni wa kuzaliwa, ila siku anayozaliwa hana weusi wowote. Anatoka mweupe. Weusi unakuja baadaye kidogo kidogo, kwanza kwenye ncha za masikio na pua, halafu miguu na mkia.

Kinachofanya kazi ni joto. Rangi ya manyoya inatengenezwa na kimeng'enya (protini inayochochea kazi za mwili) kiitwacho tairosinesi. Kwa paka wa Siam kimeng'enya hicho kina hitilafu: kwenye joto la kawaida la mwili wa paka, nyuzi 38 na kitu, kinalegea. Penye ubaridi kinachapa kazi. Sasa fikiria mwili wa paka: kifua na tumbo vina joto, masikio, pua, nyayo na mkia vimepoa. Basi rangi inajichora yenyewe kufuata ramani ya ubaridi. Tumboni mwa mama kuna joto kila upande, ndiyo maana mtoto anatoka mweupe.

Vitabu vya kale vya Thailand vinahesabu sehemu tisa za weusi: uso, masikio mawili, miguu minne, mkia, na sehemu ya siri. Waliandika hayo kabla mtu yeyote hajajua kimeng'enya ni nini, kwa kuangalia tu, na hesabu yao ni sahihi kabisa.

Mwaka 1930 watafiti wawili wa Urusi, Iljin na mwenzake, walilithibitisha hilo kwa vitendo. Walimnyoa paka wa Siam sehemu nyeupe, wakamweka kwenye baridi. Manyoya yaliyoota pale yakatoka meusi.

---

DaktariWaMifugo_Moro

Nathibitisha hilo la kunyoa. Niliwahi kumfunga kizazi paka wa namna hiyo, tukamnyoa ubavuni kama kawaida kabla ya kumpasua. Manyoya yaliporudi yakaja na kiraka cheusi cha mstatili, kimekatika vizuri kufuata wembe. Mwenye paka alirudi na hofu kubwa, anadhani tumemuunguza. Nikamweleza kwamba ngozi iliyokosa manyoya imepoa, na ikipoa kwa paka huyu inatoa rangi. Akibadilisha manyoya tena kiraka kinapungua mpaka kinaisha. Tangu hapo naeleza kabla ya kushika wembe.

Jambo jingine ambalo wafugaji wa Dar wanaliuliza: kwa nini paka wao wa Siam ni mweupe kuliko wale wa kwenye picha za Ulaya. Jibu ni hilo hilo. Joto la Pwani linapunguza weusi, baridi inauongeza. Na akizeeka atazidi kuwa mweusi hata hapa, kwa sababu damu haizunguki ngozini kama zamani na ngozi inapoa.

---

DalaliTunduru

Daktari, shukrani sana. Hayo ya kiraka cha wembe ndiyo yanayomfanya mtu aamini.

Niendelee na makengeza, maana nayo yanasemwa vibaya. Paka wengi wa Siam wa zamani walikuwa na makengeza, na mtaani bado utawaona. Mzizi wake ni ule ule wa rangi. Rangi ikikosekana ndani ya jicho wakati mtoto anaumbwa, nyuzi za neva zinazotoka jichoni kwenda kwenye ubongo zinakosea njia: baadhi ya zile zilizopaswa kubaki upande wake zinavuka kwenda upande wa pili. Ubongo unapokea picha zisizopangana, na jicho kugeukia ndani ni namna ya mwili kujaribu kuziweka sawa. Kipaji cha kupima umbali kwa macho mawili kinapungua, lakini paka anaishi vizuri kabisa.

Wathai wana simulizi yao: paka wa kifalme walipewa kazi ya kulinda kikombe cha dhahabu, wakakikodolea macho usiku na mchana mpaka macho yakapinda. Na binti wa mfalme alipokwenda kuoga alivisha pete zake kwenye mkia wa paka, naye paka akaukunja mkia pete zisianguke, ukabaki hivyo. Unaona tofauti na hadithi zetu? Wao walipoona mkia uliopinda walitunga hadithi ya uaminifu. Sisi tumetunga ya kisu.

Wazungu nao mwanzoni hawakumwelewa. Paka wa Siam walionyeshwa London mwaka 1871, kwenye maonyesho makubwa ya paka pale Crystal Palace, na kuna mwandishi aliyewaita paka wa jinamizi, wasio wa kawaida. Mwaka 1879 mmoja alifika ikulu ya Marekani, zawadi kwa Lucy Hayes, mke wa Rais Rutherford B. Hayes, kutoka kwa balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Bangkok. Walimpenda sana, bahati mbaya akafa mwaka huo huo. Miaka michache baadaye kila tajiri wa Uingereza anamtaka.

Hapo ndipo linapoanza jambo linalonikera. Walipomchukua wakaanza kumrekebisha. Kwanza mkia uliopinda na makengeza vikahesabiwa dosari za mashindano. Sawa, hilo naweza kulielewa. Halafu wakaendelea kuchagua wembamba, mwaka hadi mwaka, mpaka paka wa Siam wa mashindano leo ana kichwa cha pembetatu kali, masikio makubwa mno na mwili kama umevutwa. Ukimweka pembeni ya ndugu yake wa Bangkok mwenye uso wa mviringo na mwili wa misuli, huwezi kuamini ukoo wao ni mmoja. Imefika mahali chama kama TICA, chama cha kimataifa cha kuandikisha paka, kimemwandikisha yule wa asili kama aina ya peke yake, kikamwita Thai.

---

Msafiri_Yokohama

Wakuu nipo Japani kwenye biashara ya magari, naongezea kidogo kutoka huku.

Huku nako wapo, na wameenea. Yule paka wa sanamu anayeinua mkono, mnayemwona kwenye maduka na migahawa, ukimgeuza nyuma mara nyingi utakuta mkia kibutu. Amechongwa kwa kufuata paka waliokuwepo. Kibutu cha Japani kimejikunja na manyoya yamefumuka, ukimtazama kwa nyuma unaweza kudhani ni sungura.

Hapa kuna imani ya kale ya nekomata, paka anayezeeka mpaka mkia unapasuka mara mbili na kugeuka jini. Kwa hiyo watu walipenda wenye mkia mfupi, hawana cha kupasuka. Na mji unaosifika kwa mikia iliyopinda ni Nagasaki. Maelezo yanayotolewa pale ni kwamba meli za Waholanzi zilizotia nanga kisiwa cha Dejima zilikuwa zinatoka Batavia, Jakarta ya sasa, na meli hazikosi paka wa kukamata panya. Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani kwa zaidi ya miaka 200, na walifungiwa pale pale Nagasaki. Jeni la mkia wa Japani ndilo lile lile alilotaja mkuu.

---

DalaliTunduru

Mkuu Msafiri, hilo la Dejima limenifurahisha mno. Sisi watu wa Pwani tunaelewa haraka kwamba bidhaa ikisafiri kwa jahazi, paka naye yumo.

---

KatanaWaKilifi

Nawasalimu kutoka Kenya. Mbona mnasifu paka wa mbali na sisi huku tuko na wetu? Kuna paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama twamwita khadzonzo. Manyoya yake yana mabaka ya mviringo kama gome la mti, akitulia msituni humwoni. Mwaka 1978 kuna mama mmoja mzungu, Jeni Slater, aliokota watoto wa paka huyo katika shamba lake karibu na Watamu, baadaye wengine wakapelekwa Denmark. Leo wanauzwa kule ughaibuni kwa jina la Sokoke, na huku watoto wetu hawamjui.

---

DalaliTunduru

Kaka Katana, umesema kweli tupu, na huyo anastahili uzi wake. Ukiufungua mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

---

Sadiki_Mbagala

Mkuu hongera kwa uzi. Ila mimi nabaki na shaka. Kiumbe mwenye mkia uliopinda, macho makengeza, wengine jicho moja bluu na jingine njano, unaniambia hana tatizo? Kwetu mtoto akizaliwa hivyo tunasema ana kilema. Nature ya paka ni mkia mrefu.

---

DalaliTunduru

Sadiki, shaka yako ni ya haki, na hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Umbo likiwa geni machoni petu halituambii kama mnyama anaumwa. Inabidi tuangalie linafanya nini ndani ya mwili.

Chukua mifano miwili ya pande za Uingereza. Kisiwa cha Man kina paka wasio na mkia, wanaitwa Manx. Ukiwatazama unaweza kusema ni sawa na hawa wa Thailand. Jeni lao ni jingine kabisa. Mtoto akirithi nakala mbili za jeni hilo, moja kwa baba na moja kwa mama, anafia tumboni. Na mwenye nakala moja anaweza kuzaliwa na uti wa mgongo wenye kasoro, akashindwa kuzuia haja, miguu ya nyuma ikalegea. Mfano wa pili ni paka wa Scotland mwenye masikio yaliyolala mbele, Scottish Fold, uso wake kama bundi, watu wanalia wakimwona mtandaoni. Masikio yamelala kwa sababu gegedu (ule mfupa laini) la mwili wake lina hitilafu, na gegedu liko kwenye kila kiungo. Wengi wao viungo vinakakamaa na kuuma maisha yao yote. Huyo anayependwa na dunia ndiye mgonjwa. Yule wa Chanthaburi mnayemhurumia ni mzima.

Kuhusu jicho moja bluu na jingine njano: kwa Thailand huyo ni Khao Manee, mweupe pee. Nimemwona mmoja kwenye hekalu moja Bangkok, jicho la kushoto bluu ya safaya, la kulia rangi ya asali, ukipiga picha usiku lile la bluu linang'aa jekundu kwa sababu nyuma yake hakuna rangi ya kuzuia mwanga. Hapo nakubaliana nawe kuna gharama. Weupe wa namna hiyo unaweza kuja na uziwi, hasa sikio la upande wa jicho la bluu. Sijasema kila kigeni ni salama. Nimesema tukague kimoja kimoja.

---

MamaWawiliKijichi

Mkuu, umetaja vitabu vya kale vya Thailand halafu ukapita. Vinasemaje zaidi? Na wao wenyewe hawana imani za kumwogopa paka kama huku tunavyomwogopa paka mweusi usiku?

---

DalaliTunduru

Wanazo, Mama. Vitabu hivyo vinaitwa Tamra Maew. Ni mashairi yenye picha za rangi, yameandikwa kwenye karatasi ya magome iliyokunjwa mkunjo juu ya mkunjo, na vinagawa paka wa heri na paka wa nuksi. Wanaotajwa mara nyingi kuwa wa heri ni aina 17. Ukimfuga huyu utapata mali, ukimfuga yule utapata cheo. Na wa nuksi wametajwa waziwazi kwamba wasiingie ndani ya nyumba.

Kati ya wa heri yupo Si Sawat, ambaye dunia inamwita Korat kwa jina la mkoa wake. Mwili wote ni kijivu cha fedha, kila unywele una ncha inayong'aa, na macho ya kijani ambayo yanachukua miaka kadhaa kukolea. Huyu wanamfananisha na mawingu ya mvua. Kaskazini mashariki mwa Thailand mvua ikichelewa, wanakijiji wanambeba paka kwenye tenga wanapita naye nyumba kwa nyumba wakiimba, na kila nyumba inamnyunyizia maji. Siku hizi vijiji vingi vinatumia paka wa sanamu au mwanasesere ili yule wa kweli asiteseke, na hilo nimelipenda sana. Pia Korat walikuwa wanatolewa wawili wawili kwa maharusi.

Wakulima wa mpunga wa kule wanasubiri mvua kama wakulima wetu wa Dodoma wanavyoisubiri. Paka wa kijivu kwao ni dua.

---

Msafiri_Yokohama

Na kabla uzi haujafungwa, kwa wanaopenda paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa: Wajapani wanamwona ni bahati, mabaharia hasa. Karibu wote ni majike, kwa sababu jeni la rangi ya chungwa liko kwenye kromosomu ya X, na ili kuwa na chungwa na nyeusi kwa pamoja unahitaji X mbili, na kwa kawaida majike ndio wenye mbili, dume ana moja. Dume anatokea kwa nadra mno. Msafara wa Wajapani wa kwenda kufanya utafiti Antaktika ulipoondoka mwaka 1956 ulimbeba dume mmoja wa namna hiyo aitwaye Takeshi, awaletee bahati. Alikaa nao kule kwenye barafu na akarudi Japani salama.

---

Neema_Mwanza

Samahani nachelewa, nimesoma uzi wote. Paka wangu amezaa, mtoto mmoja mkia umepinda karibu na ncha. Mama mkwe anasema tumfunge kijiti unyooke, jirani anasema tumpeleke akatwe kabisa. Nifanyeje? Daktari kama upo naomba msaada.

---

DaktariWaMifugo_Moro

Neema, usifunge kijiti na usikate. Kijiti kitabana damu na mkia unaweza kuoza. Mfupa uliozaliwa umepinda haunyooki kwa kufungwa.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha amezaliwa hivyo: kama mliuona mkia umepinda tangu siku ya kwanza, hakuna uvimbe wala kidonda, na ukiugusa halii, muache. Pili, angalia kama anauinua mkia na kuuchezesha. Tatu, angalia akianza kutembea kama miguu ya nyuma ina nguvu, na akianza kujisaidia mwenyewe kama anajizuia vizuri. Yote yakiwa sawa, ni umbile lake.

Ila kama mkia ulikuwa mzima halafu ghafla ukalegea na kuning'inia, au mlango ulimbana, au watoto walimvuta, hiyo ni habari nyingine. Neva za kibofu zinapita jirani na shina la mkia, na zikivutwa paka anashindwa kukojoa. Hapo usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

---

Neema_Mwanza

Nashukuru daktari. Umepinda tangu siku aliyozaliwa, na halii ukiguswa. Kijiti nimekitupa. Nitawarushia picha akifungua macho.